Betri ya pili ya gari la kulala: ubaki na AGM au uhamie lithiamu?

Shemeji yangu ana Noah, sisi tuna HiAce. Magari yote mawili tumeyatengeneza ya kulala: godoro nyuma, friji ndogo, taa, feni, na betri ya pili inayobeba mzigo huo wote ili ile ya kuwashia injini isiguswe. Mwaka jana betri za pili za magari yote mawili zilichoka karibu wakati mmoja. Tulikaa jioni moja Raskazone, Tanga, na karatasi na kalamu, tukapiga hesabu. Yeye akanunua AGM nyingine, aina mojawapo ya betri ya risasi na asidi. Mimi nikahamia lithiamu. Hadi leo hakuna anayejuta.

Watu wengi wanaoniuliza wanataka niwatajie betri iliyo bora wakanunue. Mimi huwarudishia maswali matatu kwanza: unalala usiku mangapi mfululizo bila kuwasha gari, unabeba friji au hubebi, na chaji inarudi kwa njia gani. Ukishayajibu hayo, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Betri zenyewe

Betri ya risasi na asidi ni kongwe. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na fundi yeyote kutoka Horohoro hadi Handeni anaijua. Ndani ya familia hiyo kuna betri ya maji, zile N70, N100 na N150 za madukani ambazo nyingi ni za kuwashia injini, kuna jeli, na kuna AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo katikati ya sahani, hivyo haimwagiki wala haihitaji kuongezwa maji.

Betri ya kuwashia injini iondoe kwenye orodha yako mapema. Sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha zipumzike. Ukiifanya iendeshe friji usiku kucha, kila unapoishusha sana inapoteza sehemu ya uhai wake, na baada ya miezi michache haishiki chaji. Rafiki yetu aliuziwa N100 akaambiwa "hii ni kubwa, itakaa." Ilikaa kutoka masika hadi kipupwe tu. Jeli nayo ni nzuri, ila inataka chaji ya upole na volti zilizopimwa vizuri, na sijaona sababu ya kuichagua mbele ya AGM kwa gari la huku.

Upande wa pili ni lithiamu. Hapa nazungumzia aina moja tu, lithiamu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Kemia hii ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990. Mwaka 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya betri za lithiamu kwa jumla. Ni tofauti na lithiamu ya simu nyingi, ambayo huwa na kobalti na huwaka kwa hasira zaidi ikipata joto kali. Mtu anayelala juu ya betri yake anapaswa kuijua tofauti hiyo, na muuzaji asiyeweza kukuambia anauza aina gani usinunue kwake.

Kwa betri mbili zenye ukubwa uleule wa ampea-saa 100 (Ah 100), mambo yako hivi:

| | AGM | Lithiamu (LiFePO4) |
|---|---|---|
| Uzito | kilo 28 hadi 30 | kilo 10 hadi 13 |
| Chaji ya kutumia bila kuiumiza | karibu Ah 50 | Ah 80 hadi 90 |
| Mizunguko ya kushusha na kujaza | 400 hadi 600, ukiishia nusu | 2,000 hadi 4,000, ukishusha asilimia 80 |
| Kati ya chaji 100 unazoingiza, unazopata | 80 hadi 85 | 95 na zaidi |
| Kuachwa nusu kwa wiki kadhaa | inaumia | haina neno |
| Bei dukani | moja | mbili hadi tatu |

Mstari wa mwisho ni kwa bei nilizoulizia mimi mwenyewe, na ndio unaowarudisha watu nyumbani. Lakini mstari unaoamua zaidi ni ule wa pili, kwa sababu ampea-saa 100 zilizoandikwa ubavuni mwa betri haziwi chakula kile kile kwenye sahani zote mbili.

Usiku nne Ushongo

Mume wangu anapima viwanja kati ya Pangani na Mkwaja, na mara nyingi naandamana naye. Kwa mwaka tunalala garini kama usiku 70. Siku nyingine tunakaa mahali pamoja usiku nne bila kuwasha injini, hasa Ushongo, ukishavuka Bweni na kufuata njia ya minazi. Hapo ndipo AGM yetu ilipoonyesha kikomo chake. Asubuhi ya tatu friji ilijizima yenyewe kabla ya adhana ya alfajiri, na ndani mlikuwa na changu na kolekole tuliowanunua kwa wavuvi siku iliyotangulia.

Matumizi yetu ya siku moja ni haya. Friji ya kompresa ya lita 40, kwa joto la Januari, inakula kama Ah 40. Feni mbili ndogo usiku kucha, Ah 8. Taa Ah 5. Simu na kompyuta ndogo ya mume wangu, kama Ah 6. Pampu ya maji haifiki Ah 1. Jumla ni Ah 60, na kati yake 35 hivi zinaliwa usiku, jua likiwa halipo.

Juu ya paa tuna paneli ya wati 200. Siku ya jua safi inatuletea karibu Ah 50. Sasa fuata alfajiri moja baada ya nyingine, tukianza na betri iliyojaa.

Kwa lithiamu, alfajiri ya kwanza inabaki na 65. Mchana inarudisha karibu 48, lakini siku nzima imekula 60, kwa hiyo kila siku unapungukiwa 12. Alfajiri ya pili 53, ya tatu 41, ya nne 29. Bado friji inaunguruma, na siku ya tano unaondoka ukiwa huna wasiwasi.

Kwa AGM, alfajiri ya kwanza ni 65 vilevile. Ila kati ya 50 zinazotoka kwenye paneli, unazoweza kuzitumia ni kama 42. Upungufu wa siku unakuwa 18. Alfajiri ya pili iko 47, umeshavuka nusu. Ya tatu iko 29, na hapo volti zimeshuka kiasi kwamba friji nyingi hujizima kuilinda betri. Hesabu ya karatasi na kilichotukuta Ushongo vilifanana hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hii haikulionyesha. AGM ikifika asilimia 80 hivi huanza kupokea chaji kidogo kidogo. Ni kama kujaza gunia: robo tatu za mwanzo unamimina tu, robo ya mwisho unashindilia kwa mkono. Kipande hicho cha mwisho kinaweza kutaka saa nne au tano. Saa nane mchana jua linawaka, paneli ina nguvu ya kutoa, na betri inaikataa. Saa kumi na moja betri ingeipokea, lakini jua limeshalala. Kwa hiyo betri inakaa siku nyingi bila kujaa kabisa, na betri ya risasi isiyojaa hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani. Ukoko ukikomaa hauondoki. AGM yetu ya kwanza ilikufa baada ya miaka miwili na ushee, mizunguko kama 160 tu, wakati kwa karatasi ilipaswa kufika 400. Haikuwa mbovu. Tuliishusha kupita nusu na hatukuwa tunaijaza.

Lithiamu inapokea chaji kwa nguvu ileile karibu hadi mwisho. Tena kukaa nusu inapendelea, na gari likiegeshwa nyumbani mwezi mzima ni vyema uiache kati ya asilimia 50 na 60 badala ya kuijaza. Kwa mtu anayetegemea jua, tofauti hii ni kubwa kuliko ile ya uzito ambayo matangazo yanaipigia ngoma.

Na uzito nao usiudharau. Ili AGM inipe kile ninachopata kwenye lithiamu moja ningehitaji AGM mbili, kilo 60 hivi. Tofauti ya karibu kilo 48 ni sawa na kijana mmoja wa sekondari amekaa nyuma wakati wote, na unapopanda kutoka Mombo kwenda Soni unaihisi.

Chaji inapotoka kwenye injini

Hapa ndipo watu wanapoharibu fedha. Wanatoa AGM, wanaweka lithiamu mahali palepale, waya zilezile, wanafunga vichwa vya betri na kwenda zao.

Fundi mmoja wa Ngamiani alinionyesha alteneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) ya gari la mteja wake, koili zake zimegeuka nyeusi. "Dada," akaniambia, "hii haikufa kwa uzee. Imefanyishwa kazi ya punda." Mteja alikuwa ameunganisha lithiamu moja kwa moja kwenye alteneta kupitia rilei ya zamani, swichi inayounganisha betri mbili injini ikiwaka.

Sababu yake ni hii. Betri ya risasi ina ukinzani wa ndani. Kadiri inavyojaa ndivyo inavyopunguza inachovuta, na alteneta inapumzika. Lithiamu ina ukinzani mdogo sana. Ikiwa tupu itavuta kila ampea alteneta inayoweza kutoa, na itaendelea hivyo saa nzima au zaidi. Alteneta ya HiAce ya zamani iliundwa kurudisha kile kidogo kilichotumika kuwashia injini na kuendesha taa. Injini ikiwa inanguruma taratibu nyuma ya malori barabara ya Segera, feni ya alteneta inazunguka polepole, upepo haupo, joto linapanda.

Kuna hatari ya pili, isiyoonekana. Lithiamu ina ubongo wake ndani, bodi ya ulinzi ambayo mafundi huiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme volti zikizidi, zikipungua mno, ampea zikizidi au seli zikipata joto kali. Ikikata ghafla wakati alteneta inasukuma ampea nyingi, umeme ule hauna pa kwenda na volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo. Kitambo hicho kinatosha kuunguza diodi za alteneta, na wakati mwingine taa au redio.

Dawa ya yote mawili ni chaja inayokaa katikati ya betri mbili, inayoitwa chaja ya DC kwa DC. Inavuta kiasi kilichopangwa, mara nyingi ampea 20 au 30, na inaipa lithiamu volti inazozitaka, 14.2 hadi 14.6. Sisi tumefunga ya ampea 30. Kutoka Tanga hadi Pangani, mwendo wa saa moja na kidogo, inarudisha karibu Ah 30; safari ya saa mbili inarudisha matumizi ya siku nzima. Naihesabu kama sehemu ya bei ya betri. Asiye na fedha ya chaja hii asubiri, asinunue lithiamu nusu nusu.

Kontrola ya sola, kifaa kinachoongoza chaji kutoka paneli hadi betri, nayo iangalie. Ikiwa ina mpangilio wa lithiamu, weka hapo. Ikiwa ni ya zamani ya risasi tu, ina tabia ya kupandisha volti mara moja moja ili kusafisha salfeti, jambo jema kwa betri ya maji na baya kwa lithiamu. Tabia hiyo lazima izimwe, na kama haizimiki badilisha kontrola. Chaja ya ukutani ya nyumbani ni vivyo hivyo.

Kwa AGM hadithi ni fupi: rilei ya kawaida, waya nene, fyuzi kila mwisho, basi. Mfumo mzima wa shemeji ulifungwa asubuhi moja na fundi wa mtaani aliyekuwa hajawahi kuona gari la kulala. Huo ni ubora wa kweli, hasa ukiharibikiwa Maramba au Kilindi ambako fundi wa lithiamu hayupo lakini fundi wa betri ya risasi hakosekani.

Kujua iliyobaki

Na AGM, malitimita (kipima volti) ya bei ndogo inakusemesha. Ikiwa imetulia na hakuna kinachovuta, volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, 12.0 uko pabaya. Lithiamu haisemi hivyo. Itakaa kwenye 13.2 au 13.1 kwa sehemu kubwa ya safari yake, ikiwa na 80 au ikiwa na 40, halafu mwishoni inaporomoka ghafla. Kwa hiyo inahitaji mita ya shanti, kipande kinachofungwa upande wa hasi na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Baadhi ya betri zina hesabu hiyo ndani na unaisoma kwenye simu. Yetu inasomeka kwenye simu, lakini niliongeza shanti kwa sababu napenda kuangaza jicho ukutani usiku bila kutafuta simu gizani.

Ukiishusha lithiamu mpaka mwisho, BMS inafunga mlango na malitimita inasoma sifuri. Wengi hapo hudhani imekufa. Mara nyingi inaamka ukiipa chaji kutoka kwenye chaja inayojua lithiamu, au ukiishtua kwa dakika chache na betri nyingine yenye volti zinazofaa. Usikimbilie kuitupa wala kuifungua.

Joto, baridi na chumvi

Baridi ipite haraka. Lithiamu haipaswi kuchajiwa seli zikiwa chini ya nyuzi sifuri, ndiyo maana zinazouzwa Ulaya nyingine zina kipasha joto ndani. Lushoto ya Julai inakutoa sweta kabatini, lakini sifuri haifiki. Usilipie kipasha joto.

Joto ndilo letu. Kwa betri ya risasi kuna kanuni ya mafundi ya siku nyingi: kila nyuzi 10 juu ya 25, uhai wake unakatika nusu. Tanga mchana wa Februari hewa yenyewe iko 32, na gari lililofungwa vioo juani hupita 50 bila shida. Lithiamu inavumilia zaidi, lakini nayo haipendi, na BMS yake itakataa chaji joto likizidi kiwango chake, mara nyingi karibu 55 au 60. Iwe ipi, isikae karibu na injini. Yetu iko sakafuni chini ya kitanda, upande wa kivulini tunapoegesha, na ubao wake una matundu.

Chumvi ya bahari inakula vichwa vya betri vyote bila upendeleo. Mafuta mazito kidogo juu ya nati, na kuvikagua kila miezi mitatu.

Kwa usalama wa anayelala juu yake, AGM iliyo nzima na inayochajiwa vizuri haitoi gesi ya kuhofia, ila betri ya maji inatoa haidrojeni wakati wa kuchajiwa na haipaswi kuwa ndani ya chumba cha kulala bila bomba la kutoa hewa nje. LiFePO4 haitoi gesi katika kazi ya kawaida. Hatari yake ni nguvu ya papo hapo: spana ikiangukia vichwa viwili kwa pamoja, chuma kinayeyuka. Fyuzi iwe ndani ya shibiri moja kutoka kichwa cha chanya, na iwe ya aina inayoweza kukata mkondo mkubwa, si ile ya plastiki ya taa za gari. Kofia za mpira juu ya vichwa hazina mjadala, hasa mwenye watoto.

Na usichanganye. Lithiamu na AGM zilizofungwa sambamba kama betri moja zina volti tofauti za kupumzika. Moja itakuwa inaijaza nyingine usiku kucha na mwisho zote mbili zinaweza kuumia.

Inveta na birika

Nitasema kidogo. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,000 na inafanya kazi kamili inavuta karibu ampea 90 hadi 100. AGM moja ya Ah 100 ukiibana hivyo inakupa kidogo kuliko ilivyoandikwa, kwa sababu risasi hupungua ujazo ikivutwa kwa haraka. Lithiamu haipungui hivyo, ila angalia BMS yake inaruhusu ampea ngapi. Nyingi za Ah 100 huishia ampea 100. Sisi chai ya asubuhi tunapikia gesi, na inveta ndogo ya wati 300 inatosha kwa kompyuta.

Fedha, kwa watu wawili tofauti

Chukua bei ya AGM kuwa 100. Kwa maisha yake itakupa Ah 50 mara 500, yaani Ah 25,000. Lithiamu ya bei 300 itakupa Ah 80 mara 3,000, yaani Ah 240,000. Bei mara tatu, kazi karibu mara kumi. Muuzaji akikuonyesha hesabu hii anasema kweli.

Kweli hiyo inamhusu anayeitumia. Shemeji analala garini kama usiku 15 kwa mwaka, karibu zote Lushoto na Magamba, ambako friji inapumzika muda mwingi kwa ubaridi. Kila siku anaendesha, kwa hiyo alteneta inamrudishia. Kwa mwendo huo mizunguko 500 ingemchukua zaidi ya miaka 30, na AGM itakufa kwa umri kabla ya hapo, miaka minne au mitano kwa joto letu akiitunza. Katika miaka kumi atanunua AGM mbili, pengine tatu. Hiyo ni bei ya lithiamu moja bila chaja yake, bila shanti, bila kontrola mpya.

"Shemeji," aliniuliza, "kwa hiyo nitoe fedha zote leo ili niokoe nini?" Sikuwa na jibu zaidi ya kilo 17. Nilimwambia anunue AGM, aifungie rilei nzuri, na fedha inayobaki aweke paneli ya wati 100 ili betri isikae nusu wiki nzima gari likiwa limeegeshwa Mabawa. Paneli hiyo itamwongezea uhai wa AGM kuliko kitu chochote kingine, kwa kuwa inaijaza mpaka juu siku ambazo gari halitumiki.

Kwa usiku wetu 70 hesabu inageuka. AGM kila baada ya miaka miwili na ushee, tena tukiwa na wasiwasi wa friji kila safari. Katika miaka kumi ni AGM nne. Hapo lithiamu na vifaa vyake vyote vinalipa, na usingizi unakuwa mzuri.

Kati yetu wawili kuna watu wengi. Anayelala usiku 30 hadi 40 kwa mwaka na ana friji, namwelekeza kwenye lithiamu akiwa na fedha ya kufunga mfumo wote kwa mara moja. Asiye na friji, mwenye taa na simu tu, matumizi yake hayafiki Ah 20 kwa siku na AGM moja na paneli ndogo vitamtosha miaka.

Ukienda kununua

Beba mizani, au iombe kwa muuza vyuma chakavu wa jirani. LiFePO4 ya Ah 100 yenye ujazo wa kweli haiwezi kuwa na kilo sita. Seli zenyewe zina uzito wake. Ukiipima ikakutokea nyepesi hivyo, ndani kuna nusu ya kilichoandikwa, au chini ya hapo. AGM nayo ya Ah 100 iliyo chini ya kilo 25 itilie shaka.

Kisha ipime kwa taa. Ijaze, iunganishe na balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 60, ambayo inavuta karibu ampea 5, na uandike saa uliyoanza. Lithiamu ya Ah 100 inapaswa kuiwasha saa 19 au 20. Yetu ilifika saa 19 na nusu. Fanya hivyo wiki ya kwanza, dhamana ikiwa mpya na risiti iko mkononi. Kwa AGM simamisha jaribio volti zikifika 12.0, ikifika saa tisa au kumi iko sawa.

Omba karatasi inayotaja ampea za BMS za kuchaji na za kutoa, joto la mwisho, na volti za kuchajia. Lithiamu kuukuu za minara ya simu zinazopita mikononi bila risiti niliziacha zote, hata zilipokuwa rahisi. Hujui zilitolewa wapi, na nyingi ni za volti 48, hazifai gari la volti 12 bila kubomolewa.

Betri ya kuwashia injini iache ya risasi, ile ile. Kazi yake inaiweza.

AGM yetu ya zamani ilipopimwa kwa taa ilikuwa imebaki na Ah 30 hivi. Haikufaa tena kwa friji, ila kwa taa tatu na simu bado inatosha, kwa hiyo ipo Muheza nyumbani kwa mama mkwe, na paneli ya wati 50 juu ya bati. Ikifa kabisa tutaipeleka kwa wanaonunua betri mbovu kwa kilo, ikiwa nzima na asidi yake ndani. Nimewaomba wajukuu wasiifungue wala wasitupe vya ndani yake shambani, maana risasi ikishaingia kwenye udongo wa mihogo haitoki, na mihogo ya pale tunakula sote.